Shavu la Sekela

Mama Sekela, mwenzangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, nami hali yako naijua, maana nilikuwepo walipokufukia. Basi nianze na yangu. Mimi ni mzima wa kutembea. Nakula nikikumbuka. Baridi ya mwaka huu imewahi, na hapa Mbeya ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka kwenye paa letu, hauondoki hadi karibu saa nne. Jirani yetu Mama Neema ananiletea magimbi na kunigombeza kwamba nyumba inanuka dawa za picha. Ninamwacha agombeze, angalau nasikia mtu anaongea humu ndani.

Juma lililopita nilifungua sanduku lako la bati. Ndugu zako walitaka nguo wagawane, ndiyo desturi, na sikuwa na sababu ya kuwakatalia. Chini kabisa, ndani ya kanga yako iliyopauka, nikakuta bahasha ya ile studio ya Iringa. Picha ya Sekela imo, na negativu yake imo. Miaka minane nilidhani uliichoma moto. Sikukuuliza, wala hukunieleza. Mgeni akija akashangaa nyumba ya mpiga picha haina picha ya mtoto ukutani, ulikuwa unainuka kwenda jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nataka nikusimulie habari ya picha hiyo yote. Nusu yake unaijua kuliko mimi. Nusu nyingine nilikuficha, na sasa nimebaki nayo peke yangu.

Ilikuwa Pasaka. Ulimshonea gauni la njano kwa mkono, mikono yake mirefu hadi kwenye vifundo, ili bega lake lililoungua lisionekane. Alikuwa na miaka mitatu. Nilimkalisha kwenye kigoda mbele ya shuka la buluu nililokuwa natundikia wateja, naye hakutaka kutulia hata kidogo. Ukasimama nyuma yangu, ukampigia makofi, ukamwimbia kile kiwimbo chenu cha Kihehe ambacho mpaka leo sijui maana yake. Akageuka, akatazama kamera sawasawa, akacheka. Nikabonyeza.

Ukaniuliza, "Umempata?"

"Nimempata."

"Haya. Kila siku watoto wa watu, wako ndiyo kwanza leo."

Ulisema kwa utani lakini liliniingia, kwa kuwa lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshapiga nusu ya wafanyakazi waliokuja kwa ajili ya reli, vijipicha vya kadi na vya vitambulisho, maharusi, wanakwaya, hata maiti wawili. Mwanangu sikuwa nimempiga. Na hata siku hiyo sikuitoa ile filamu. Zilikuwa zimebaki nafasi saba, na filamu wakati ule ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, basi nikaiacha ndani ya kamera ingoje harusi ya mwezi uliofuata. Kabla ya harusi surua ikaingia mtaani. Siku tano tu. Hizo siku sitaziandika, ulikuwepo.

Baada ya matanga ndipo nikaingia chumba cha giza na filamu yenye mtoto wetu ndani yake. Unajua mimi kwa kazi si mtu wa papara, ila siku ile mikono haikuwa yangu. Nilipoitundika ikauke niliona tone la maji limeganda usoni pake, nikalifuta kwa kidole. Kidoleni kulikuwa na chembe ya mchanga. Ikachora mstari mmoja kutoka kwenye paji la uso hadi juu ya mdomo. Nilisimama nikiutazama ule mstari, nikasikia unaniita huko nje uniulize kama ametoka vizuri.

Hukupenda kuangalia negativu. Ulikuwa unasema watu humo wanageuka mizimu, nywele nyeupe, meno meusi. Lakini hiyo uliishika, ukaiinua dirishani, ukamtazama muda mrefu sana. Lile kovu lake la maji ya moto, ambalo shavuni lilikuwa doa jeupe la upana wa kidole gumba, mle lilionekana doa jeusi. Ukaweka ukucha wako karibu nalo bila kuligusa.

Ukasema, "Itoe hivi hivi ilivyo."

"Ina mchubuko."

"Nimeuona. Itoe hivyo hivyo, Baba Sekela."

Nami nikakaza shingo. Nikasema sitatoa picha ya mwanangu ina mstari mweusi usoni kama mtu aliyefutwa. Ningeitoa kopi moja tu siku ile, kwa karatasi niliyokuwa nayo kabatini, leo nisingekuwa naandika haya. Sikuitoa. Nilitaka kwanza itengenezwe, ndipo uione.

Kulikuwa na njia mbili, na tulibishana juu yake karibu mwezi mzima. Ya kwanza ilikuwa ya bure. Kule misheni mlimani, yule Mzungu aliyerudi kwao aliacha chumba chake cha picha kizima, mashine, taa nyekundu, meza yenye kioo cha kuinamishia negativu, hata penseli ngumu za kurekebishia. Bruda aliyebaki na ufunguo alikuwa anamruhusu mtu yeyote, mradi aje na dawa zake na karatasi zake na afagie akimaliza. Penseli ndiyo dawa ya mchubuko. Unajaza ule mstari nukta kwa nukta, polepole, mpaka upotee. Nilikuwa nimejifunza kwenye negativu zilizoharibika, na nilikuwa naweza, si sana, lakini naweza. Ubaya wake ni kwamba hakuna mwalimu. Ukikosea umekosea, na mashine yenyewe ilikuwa na lenzi yenye ukungu pembeni, picha inafifia kwenye kona.

Ya pili ilikuwa ya kulipia. Iringa mjini, kwenu, kulikuwa na studio yenye fundi ambaye kazi yake ni hiyo tu, kutengeneza nyuso. Dirishani kwake walikuwa wametundika maharusi, kila mmoja uso laini, hakuna chunusi, hakuna mkunjo. Zamani, kabla ya Sekela, nilikuwa nikipita pale kila tukienda kwa mama yako, nasimama kwenye dirisha mpaka unanivuta mkono. Niseme ukweli, nilikuwa namwonea wivu yule fundi. Na nilikuwa na ugonjwa ambao wapiga picha wengi wa bara tulikuwa nao. Kitu cha bure tunakidharau, hata kama kinafanya kazi ileile, tunaona cha kulipia ndicho chenye heshima. Mtoto wangu amekufa, halafu nimtengenezee picha kwa mashine ya kuazima? Niliona ni kumdhalilisha.

Wewe uliona vingine. Siku moja unamenya viazi, bila kuinua uso, ukasema, "Huyo wa Iringa hamjui."

"Hana haja ya kumjua. Anajua kazi."

"Wewe mkono wako unamjua."

"Mkono wangu unatetemeka, Mama Sekela."

"Basi utetemeke. Kwani nani anatuharakisha?"

Nikachukua fedha ulizokuwa umeweka kwa ajili ya bati za jikoni, baada ya kukuambia. Ulisema tu, "Zile za bati?" kisha ukaendelea kumenya. Nilikuwa tayari kusikia maneno makali. Kunyamaza kwako kulinisumbua njia nzima.

Nilikwenda peke yangu. Basi liliharibika Makambako, tukalala pale, na kesho yake kuanzia Mafinga tulikwenda nyuma ya malori ya mbao hatuyapiti. Negativu nilikuwa nimeifunga kwenye karatasi laini, nikaiweka katikati ya Biblia, Biblia kifuani. Iringa nilikaa kwa mama yako siku nne. Alinipa pombe ya ulanzi, akaniuliza habari zako, hakuuliza habari za picha, wala mtoto hakuwa amemwona tangu akiwa mchanga. Siku ya tano nikarudi na bahasha hii ninayoitazama sasa.

Ulikuwa umefua. Ulijifuta mikono kwanza kwenye kanga, mmoja mmoja, kila kidole. Ukaitoa picha. Kwa kweli ilikuwa nzuri, usinikatalie. Mstari ulikuwa umepotea kabisa, hata mimi sikuona ulipopita. Macho yalikuwa yanang'aa, gauni limetokea hadi nyuzi za mshono wako. Na mashavu yote mawili yalikuwa laini kama ya mtoto ambaye hajawahi kupatwa na kitu.

Ukauliza, "Huyu mtoto wa nani?"

Nikadhani hujaelewa. Nikaanza kukueleza habari za penseli na wembe, kwamba doa jeusi kwenye negativu hukwanguliwa kwa wembe, na likishakwanguliwa haliwezi kurudi. Ukanisikiliza hadi mwisho. Kisha ukasema, "Mimi mwanangu alikuwa na kovu. Nimelipaka mafuta mwaka mzima, asubuhi na jioni. Huyu simjui." Ukairudisha kwenye bahasha, ukaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Ndipo nikasema yale maneno niliyoyarudia miaka minane. Nikasema ni ujinga wa yule fundi. Nikasema hawa watu wa studio kubwa wakiona alama wanadhani ni uchafu, wanaondoa bila kuuliza. Nilimtukana sana. Nilimtukana mbele yako, mbele ya Mama Neema, hata kwa wateja waliokuja kunieleza wanataka kupeleka picha zao Iringa. Nilipata sifa ya mtu anayeheshimu sura ya mtu. Wakawa wananiletea kazi kwa sababu hiyo.

Mama Sekela, fundi aliuliza.

Aliuliza vizuri sana, kwa adabu. Alikuwa mtu mzima, ana miwani ya kukuza aliyoifunga kwa uzi. Aliinamisha negativu kwenye kioo chake, akaweka ncha ya penseli pale, akasema, "Huu mchubuko naona ni wa filamu, nitauziba. Lakini hili hapa shavuni naona ni lake mwenyewe. Niliache?" Nikatazama wale maharusi wa dirishani. Akasema, "Wazazi wengi tukiwa tumefiwa tunapenda libaki. Ni wewe tu." Nikamwambia aliondoe. Akaniuliza mara ya pili kama mama mtoto anajua. Nikasema anajua.

Utauliza kwa nini. Hukuwahi kunilaumu kwa lile kovu hata siku moja, na hilo ndilo lililonishinda. Ulikuwa unajua nusu. Ulijua kwamba ulikwenda sokoni ukaniachia mtoto, kwamba nilikuwa nimebandika birika la maji kwenye jiko la mkaa kwa kuwa Julai ya huku dawa za picha hazifanyi kazi zikiwa baridi, kwamba Sekela alivuta mpini. Nilikuambia sikumsikia mapema kwa sababu nilikuwa chumba cha giza na redio ilikuwa inapiga kelele.

Redio haikuwa na betri. Wewe mwenyewe ulikuwa umenituma betri tangu juzi yake, nikasahau.

Nilimsikia. Nilisikia birika likianguka na nikasikia alivyolia, na sijawahi kusikia kilio cha namna ile tena. Filamu ya harusi ya watu ilikuwa ndani ya beseni la dawa. Ningefungua mlango, mwanga ungeingia, harusi nzima ingeungua. Nikasema moyoni, ameanguka tu, zimebaki dakika mbili. Nikahesabu. Niliihesabu filamu ya watu mpaka ikaiva, nikaihamishia beseni la pili, nikafunika, ndipo nikafungua mlango. Alikuwa ameshaacha kulia. Alikuwa amesimama na gauni limelowa, amenyoosha mikono, ananingoja.

Hilo ndilo lililokuwa shavuni. Kila mara nilipomnawisha, kila mara alipokuja kunipokea mlangoni, zile dakika mbili zilikuwa pale. Sasa yule fundi ananiuliza aziache au aziondoe. Nikaona hapa kuna mtu naweza kumlipa akaniondolea. Kwenye meza ya Bruda nisingeweza. Pale ningekuwa mimi na wembe wangu na uso wake, na nisingethubutu kuligusa, ningeziba mchubuko tu nikaondoka. Ndiyo maana niliitaka Iringa. Maneno ya lenzi yenye ukungu na mkono unaotetemeka yalikuwa ya kujifunika.

Mwaka ulipokwenda kumzika mama yako, ulirudi ukaniambia ulipita kwenye ile studio. Nilikuwa nakula. Nikarudisha tonge sahanini. Ukasema, "Yule mzee bado yupo. Ana adabu." Kisha ukaniuliza kama nataka mboga zaidi. Ni hayo tu. Nilingoja useme lingine, na hukusema. Sijui kama mliongea. Sijui kama uliishi miaka mitano ukijua, ukinipikia, ukinifulia, ukinisikia nikimtukana mtu asiye na kosa. Ulipolazwa nilikaa kwenye ile benchi ya hospitali nikasema leo nitamwambia. Kila siku nilisema leo. Siku uliyoniomba nisogee karibu nilijua wakati ndio huo, nikakuuliza kama unasikia baridi.

Jana nilikwenda misheni. Bruda alishafariki, na chumba hakifungwi tena, maana vijana wa siku hizi hawana haja nacho. Nilifagia buibui, nikawasha taa, nikaweka negativu ya Sekela kwenye kile kioo cha mezani. Nilichonga penseli nikaisugua kwenye msasa mpaka ncha ikawa kama sindano. Kurudisha doa si kazi ngumu. Penseli ukiiweka kwenye negativu, kwenye picha hutoa weupe. Nusu saa ingetosha, kisha natoa kopi, naitundika ukutani kwetu, mtoto wako akiwa na uso wake.

Niliinama na penseli yangu nikabaki vile vile.

Yule fundi alikuwa hodari. Alikwangua shavu lenye kovu, kisha akakwangua na lile jingine, yalingane. Nimeigeuza kwenye mwanga kila namna, alama za wembe ziko huku na huku, sawasawa. Nikajaribu kukumbuka alivyokuwa amelala mgongoni kwako, shavu gani lilikuwa juu. Nikajaribu kukumbuka ukimpaka mafuta mlangoni asubuhi. Mkono wako nauona, chupa naiona, hata mende aliyekuwa anapita naye namwona. Shavu silioni. Nimemuuliza Mama Neema. Akasema la kushoto, akafikiri, akasema hapana, la kulia, kisha akaanza kulia ikabidi mimi ndiye nimnyamazishe. Mtoto alipokuwa hai nilimtazama machoni tu, kwa makusudi, nisilione. Nilifanikiwa.

Kwa hiyo ulale, mama. Msamaha sikuombi kwa barua, hauombwi hivyo. Nakuomba kitu kimoja tu ambacho ulikijua wewe peke yako, na sina mwingine wa kumwuliza.

Lilikuwa shavu gani?

Mumeo,
Baba Sekela